Nani Hayupo Leo? Habari na maisha ya pamoja katika shule ya msingi ya Kikatoliki

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, masista, walimu wenzangu, wazazi na walezi: wanaostahili shikamoo, shikamooni, na ninyi wengine wote, habari zenu?

Mmenijibu "nzuri" kwa sauti moja, kama tulivyozoea. Naomba tubaki kidogo kwenye neno hilo. Lugha yetu ina neno moja kwa salamu na kwa taarifa. Tukikutana tunaulizana habari, redio ikifika saa kamili inasoma habari, na Injili yenyewe tunaiita Habari Njema. Mtu akikuuliza habari zako, hajakuuliza umeshinda nini au umejenga nini. Anataka kujua u hali gani, na watu wa nyumbani wamelalaje. Mada niliyopewa inataja habari za shule na maisha ya pamoja shuleni, na kwa Mswahili hizo haziwezi kuwa mada mbili.

Nianze na kosa letu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ambayo sitaitaja. Juma moja mvulana mmoja hakuonekana Jumatatu. Jumanne hakuonekana. Daftari la mahudhurio likapata alama zake, moja baada ya nyingine, hadi Alhamisi. Juma hilohilo tulitoa taarifa ya shule kwa wazazi, kurasa nne zilizopigwa chapa vizuri: kombe la mpira, wageni waliotutembelea, wastani wa mitihani, picha ya jengo jipya. Ijumaa asubuhi ndipo nilipouliza darasani, "Mwenzenu yuko wapi?" Msichana mmoja akajibu palepale, bila hata kusimama: "Baba yake amelazwa, mwalimu. Wao wanalala kwa bibi yao, ni mbali, hakuna wa kumleta." Darasa zima lilikuwa linajua tangu Jumanne.

Daftari lilijua kuwa hayupo. Watoto walijua yuko wapi. Sisi watu wazima, wenye taarifa ya kurasa nne, hatukujua kitu. Tulikuwa tumesali kila asubuhi juma lile, tukaombea dunia nzima, na baba wa mtoto wetu hatukumtaja hata mara moja. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, kule Ufaransa, kuna mtu aliyelishughulikia jambo hili. Mtakatifu Yohane Baptista wa La Salle alizaliwa Reims mwaka 1651. Aliacha cheo chake kanisani, akagawa mali yake kwa maskini, akaishi pamoja na walimu wa watoto wa kawaida. Tunamkumbuka kwa mambo makubwa: watoto kufundishwa pamoja darasani badala ya mmoja mmoja, na kuanza kusoma kwa lugha yao badala ya Kilatini. Mwaka 1950 Papa Pius wa Kumi na Mbili alimtangaza kuwa msimamizi wa walimu. Lakini katika mwongozo ambao yeye na Mabruda wake, watawa walimu wa shirika lake, waliuandaa kwa shule zao, uliochapwa mwaka 1720, mwaka mmoja baada ya kifo chake, kuna jambo dogo ninalolipenda kuliko hayo yote. Kila darasa lilikuwa na wanafunzi waliopewa kazi ya kuwatembelea wasiokuja shule. Waligawiwa mitaa. Mtoto alikwenda nyumbani kwa mwenzake, akauliza sababu, akarudi kumweleza mwalimu. Na kama mwenzake ni mgonjwa, alitakiwa kumfariji.

Kwangu mimi hao ndio waandishi wa habari wa shule. Sisemi tuwatume watoto leo peke yao majumbani kwa watu. Mazingira yamebadilika, na usalama wao unatangulia. Ila kuuliza hakuhitaji safari. Dakika mbili kila asubuhi, kabla ya sala: nani hayupo, nani anajua kwa nini, nani atampelekea daftari la kazi. Kisha sala inafuata ikiwa na majina ndani yake. Nilianza kufanya hivyo Jumatatu iliyofuata, na sikuacha tena hadi nilipostaafu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 kuhusu malezi ya Kikristo, ulipotaka kueleza shule ya Kikatoliki inatofautianaje na nyingine, haukutaja majengo wala ufaulu. Ulisema kazi yake mahususi ni kujenga ndani ya jumuiya ya shule hali ya hewa ya pekee, yenye roho ya Injili ya uhuru na upendo. Hali ya hewa haitundikwi ukutani. Mgeni anaihisi anapoingia getini, kwa namna mlinzi anavyomwita mtoto jina, na kwa namna mpishi anavyojua ni nani jana hakula.

Mzazi mmoja pale mbele anatikisa kichwa. Najua anachokiwaza: tutajuaje, wakati wazazi wenyewe hawaji kwenye vikao? Ni kweli hawaji wote. Wengine wako kazini, wengine wana aibu kwa sababu hawakusoma, wengine waliitwa shuleni mara moja tu, wakaja wakagombezwa, wakaapa hawarudi. Hapo ninamkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Sale. Mwaka 1594, akiwa padre kijana, alitumwa Chablais, karibu na Geneva, kwa watu ambao wengi wao hawakuthubutu kuja kumsikiliza. Alihubiri kwa watu wachache sana. Basi akaanza kuandika kurasa fupi, zikanakiliwa, zikapenyezwa chini ya milango ya nyumba. Aliyeogopa kuonekana kanisani aliweza kusoma akiwa kwake. Mwaka 1923 Papa Pius wa Kumi na Moja alimtangaza kuwa msimamizi wa waandishi Wakatoliki, na sikukuu yake ni tarehe 24 Januari. Karatasi ya habari ya shule yetu ni ya ukoo huo. Ipo kwa ajili ya mama ambaye hatamwona mwalimu mwaka mzima, naye anastahili kujua kwamba mwanawe Alhamisi alisoma somo la kwanza kwenye Misa ya watoto bila kukwama.

Na karatasi hiyo lazima iwe na mlango wa kurudia. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 796, inawataka wazazi washirikiane kwa karibu na walimu, kisha inawageukia walimu na kuwataka wawasikilize wazazi kwa moyo. Haya makundi ya WhatsApp ya wazazi yana faida, lakini mengi yamekuwa ubao wa matangazo mchana na baraza la uvumi usiku. Lisemwalo lipo, tunasema, na kama halipo laja. Shule ikikaa kimya kuhusu mwalimu aliyeondoka ghafla, watu watajitungia sababu, nayo itakuwa mbaya kuliko ile ya kweli. Semeni mapema, semeni kwa ufupi, semeni kinachoweza kusemwa. Kama kuna jambo haliwezi kusemwa kwa sababu linamhusu mtoto, semeni hivyo waziwazi.

Nimesema kwa ufupi. Don Bosco, padre Mwitaliano aliyeanzisha shirika la Wasalesiani, alikuwa mkali katika hilo. Mwaka 1847, usiku wa mvua, mvulana yatima alibisha hodi kwake huko Torino. Mama yake Don Bosco, Mama Margherita, alimlisha, akamtandikia kitanda jikoni, na kabla hajalala akamwambia maneno machache mema. Wasalesiani huhesabu kwamba hapo ndipo ilipoanzia desturi yao ya "Usiku Mwema". Baadaye Don Bosco aliiandika kama utaratibu: kila jioni baada ya sala, mkuu wa nyumba azungumze na watoto, achukue mafundisho yake katika yaliyotokea siku hiyo ndani au nje ya shule, na asizidishe dakika mbili au tatu. Tazameni alichokichagua kiwe mahubiri ya jioni: matukio ya siku. Kioo kilichovunjika, mwenzao aliyepona, barua iliyofika. Shule nyingi za kutwa za Kisalesiani huyafanya mazungumzo hayo asubuhi. Mwalimu mkuu anayesimama mbele ya watoto dakika ishirini akisoma makosa ya juma zima, naomba nimwambie kwa heshima, anawachosha, na hawakumbuki hata moja.

Sasa niseme yasiyopaswa kuwa habari, na hapa sitapunguza sauti. Orodha ya wadaiwa wa ada haina nafasi ukutani, mstarini wala kwenye kundi la wazazi. Deni ni la mzazi, anayeinama kichwa ni mtoto. Mwite mzazi, mfungie mlango, zungumzeni. Kitubio pia hakina habari: nani amekwenda, nani hakwenda, nani alikaa muda mrefu, nani alitoka analia. Na picha za watoto ni mali ya watoto. Mzazi aombwe ruhusa, na mtoto mwenyewe aulizwe, maana mtoto wa miaka minane anajua kabisa kama anataka kuonekana au hataki. Picha ikienda kwenye intaneti isiambatane na jina lake, wala darasa, wala njia anayopita kurudi nyumbani. Kanisa limejifunza kwa machozi, machozi ya watoto hasa, gharama ya kutanguliza sura ya taasisi kuliko mtoto. Papa Fransisko aliunda Tume ya Kipapa ya Kulinda Watoto mwaka 2014. Ulinzi huo unaanzia kwa mwalimu mwenye simu mkononi.

Kuhusu Komunyo ya Kwanza nina ombi moja. Ni kwa amri ya Papa Pius wa Kumi, ya tarehe 8 Agosti 1910, kwamba mtoto wa umri wa kama miaka saba, anayeanza kupambanua mema na mabaya, anaweza kukaribia meza ya Bwana. Kabla yake mahali pengi walingoja hadi miaka kumi, kumi na miwili, au zaidi. Kwa hiyo tukio hili likawa la shule ya msingi. Lakini tunaliandikaje? Tunaandika idadi, mgeni rasmi, na magauni. Waulizeni watoto wenyewe. Mwaka mmoja nilimuuliza msichana mdogo alijisikiaje, akaniambia, "Nilinyamaza ndani." Maneno mawili. Katika taarifa ya juma lile hatukuhitaji kuandika zaidi.

Jambo jingine nilipitie haraka, kwa kuwa naamini wengi wetu tunakubaliana. Kanisa lina shule za msingi takriban 100,000 duniani, zenye wanafunzi zaidi ya milioni 30, na wengi miongoni mwao si Wakatoliki. Mtaguso uliwataja kwa heshima watoto hao. Basi tukiandika "familia yetu ya shule", mzazi Mwislamu au wa dhehebu jingine asome bila kujiona amekaa barazani huku wengine wako ndani. Elezeni Jumatano ya Majivu ni nini kwa sentensi mbili. Msimwachie mtoto wake kazi ya kutafsiri nyumbani.

Na kuna marehemu. Novemba ni mwezi wao, na ni mwezi ambao shule nyingi huupita haraka kwa hofu ya kuwahuzunisha watoto. Uzoefu wangu ni kinyume. Tuliweka boksi dogo karibu na sanamu ya Mama Maria, kila mtoto akaandika jina la marehemu wake. Mtoto asiyeweza kuandika alichora. Babu, bibi, mdogo aliyekufa siku alipozaliwa, na mbwa pia, na hatukumkataza aliyeandika mbwa. Yalisomwa yote katika Misa, na ilichukua muda mrefu kuliko mahubiri. Hakuna mtoto aliyecheza wakati yanasomwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa akisubiri la kwake. Wiki ile walimu wawili walifahamu, kwa mara ya kwanza, kwamba walikuwa na yatima darasani.

Kuhusu yule mvulana wa darasa la tatu: Ijumaa ileile mchana nilikwenda na mwalimu mwenzangu hadi kwa bibi yake. Ilikuwa mbali kweli. Baba alikuwa bado hospitali. Tulipanga na mzazi mmoja aliyekuwa akipita njia hiyo amchukue mtoto kila asubuhi. Jumatatu watoto waliliombea jina la baba yake, na mvulana hakuwapo bado kuwasikia. Jumanne nilichelewa kidogo kuingia darasani. Nilipofungua mlango walikuwa wamekaa kimya wote, jambo ambalo si la kawaida, wakiniangalia nisome kona ya ubao. Mmoja wao alikuwa ameandika kwa chaki, kwa herufi kubwa zilizopinda: AMERUDI.