Hasira ya Aliyedhulumiwa: Mazungumzo na Masheha na Walimu, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum. Masheha, viongozi wetu wa shehia, walimu, wazazi wangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili. Nalisema tena kwa sababu kila msimu wa karafuu mambo ni yale yale: karafuu zinaibiwa jamvini zinakoanikwa, kijana anakamatwa, na sote tunasema, "Umaskini huo." Sikubali. Umaskini tunao mtaa mzima, na mtaa mzima hauibi. Kinachomsukuma kijana zaidi ni hasira ya kudhulumiwa.

Nikupeni kisa cha kijana mmoja niliyekaa naye baada ya kukamatwa. Alichuma tangu alfajiri, juu ya mkarafuu, kamba kiunoni. Jioni karafuu zikapimwa, alipwe kwa idadi ya pishi. Mpimaji akaijaza pishi, kile chombo cha kupimia, mpaka ikafanya kilima, zinamwagika pembeni, akahesabu moja. Akajaza tena vile vile, akahesabu mbili. Kijana akasema, "Ami, pitisha mkono, iwe ya mfuto, bila kilima." Akajibiwa, "Mwana wa nani wewe, wa kunifundisha mimi kupima?" Waliokuwa wakichambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake wakacheka. Kijana akapokea alichopewa akaondoka. Alikwenda kushtaki, akaambiwa asubiri msimu umalizike. Hakungoja umalizike. Usiku mmoja aliingia kwenye jamvi la mpimaji yule yule akazoa karafuu zilizokaribia kukauka, akaziuza kwa bei ya kutupa. Nilipomuuliza kwa nini, fedha hakuitaja kabisa. Alitaja ile pishi, na akawataja waliocheka, mmoja mmoja.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1938 Robert Merton, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, alieleza kwamba jamii humfundisha mtu kutamani mali, kisha ikamfungia njia ya kuipata. Ni kweli, lakini haitoshi. Mwaka 1992 Mmarekani mwengine, Robert Agnew, mtaalamu wa mambo ya jinai, akayapanua maelezo hayo: dhiki ni za aina tatu. Kuna kukikosa unachokitaka. Kuna kunyang'anywa ulichonacho, kama mtoto kufiwa na mzazi. Na kuna kutendewa ubaya: kupigwa, kutukanwa, kufedheheshwa. Yote haya humtia mtu machungu, na katika machungu hayo hasira ndiyo inayosukuma zaidi kwenye jinai, kwa sababu mwenye hasira anaona ana haki ya kulipiza. Mwaka 2001 akaongeza: dhiki inayozaa jinai zaidi ni ile kubwa ambayo mtu anaiona ni dhuluma. Kijana wetu alidhulumiwa jasho lake, kisha akachekwa. Mngetaka afanye nini na moto ule?

Najua kuna anayesema moyoni, "Huyu anawatetea wezi." Simtetei mtu. Mwizi ahukumiwe, na mwenye karafuu arudishiwe mali yake. Lakini mpimaji yule hakuulizwa na yeyote, na msimu uliofuata alipima tena!

Mwengine atasema, "Mbona wengi wanadhulumiwa na hawaibi?" Swali zuri, na Agnew mwenyewe alilijibu. Mmoja ana mjomba wa kumwendea, ana baraza la wazee linalomsikiliza, ana hofu ya Mungu na marafiki wema. Mwengine ana genge la vijana wanaomwambia, "Na wewe umenyamaza tu?" Dhiki ni moja, njia ya kutokea si moja. Ndiyo maana sichoki kusema kwamba malalamiko yasikilizwe siku yale yale. Neno "subiri" lilimfanya kijana yule akalale na hasira yake usiku baada ya usiku.

Walimu, nanyi nina lenu. Mtoto anayechapwa mbele ya darasa kwa kosa asilolifanya, mnamwona anatulia, mnadhani amefunzika. Mfuatilieni.

Huzuni nayo ina njia zake. Mara nyingi haimpeleki mtu kumpiga mwenziwe, inamzamisha ndani yake mwenyewe, na hapo ndipo bangi na unga wa kulevya vinapoingia, apate kusahau. Hilo linataka siku yake. Na la wanawake pia: Agnew na mtafiti mwenziwe, Lisa Broidy, waliandika mwaka 1997 kwamba wanawake nao hukasirika, lakini hasira yao mara nyingi huchanganyika na huzuni na kujilaumu. Naona naoneshwa saa.

Basi nina ombi moja kwa masheha. Kabla uchumaji haujaanza, kila shehia ichague watu wawili wa kusimama penye kipimo jioni, mmoja wao awe mchumaji. Pishi ifutwe kwa mkono mbele ya macho yao. Walio tayari waje hapa mbele sasa hivi tuandike majina.