Taa Haijilindi

Wanangu, najua. Kila Navratri, zile siku tisa zetu Wahindu za kumwabudu Mungu Mama, ikikaribia, mkiniona mimi masi yenu, mama mdogo wa wote, nimeshika maikrofoni mnanong'onezana, "Haya, masi na taa yake." Basi kaeni vizuri, maana mwaka huu nina hasira. Juzi niliingia nyumba moja hapa hapa Mombasa, nikakuta mbele ya Mataji, Mama huyo, taa ya akhand, ile ya kukesha siku zote tisa, lakini ya plagi. Bulbu imechongwa kama ulimi wa moto, inachezacheza yenyewe. Kijana mwenye nyumba akajigamba, "Masi, hii haizimiki." Nikamwambia: hata friji yako haizimiki, mbona huiimbii na kuizungushia taa ya arati?

Akhand ni kitu kisichokatika. Siku tisa, usiku tisa. Lakini pamba inaungua, samli inakauka, upepo unaingia. Kwa hiyo kisichotakiwa kukatika hapo ni nini, kama si jicho la mtu?

Ba, nyanya yangu, alikuwa anazima feni ya chumba cha puja, cha ibada, usiku wa kwanza na haiwashwi tena mpaka wa tisa. Joto la Mombasa mnalijua. Tulilala sakafuni kwa zamu, majasho yanatutiririka. Utambi alikuwa ameusokota kwa viganja, mrefu, umejiviringa ndani ya bakuli la shaba kama nyoka aliyelala. Kila baada ya muda unausogeza mbele kidogo, unamimina samli pembeni, si juu ya moto, na unaondoa kaa la ncha kwa kibano. Hapo kwenye kaa ndipo penye balaa. Kwa hiyo Ba hakuligusa kabla hajawasha kitaa kidogo cha kando kwa moto ule ule, kiwe shahidi. Kubwa ikizimika, inawashwa kwa shahidi.

Usiku wa sita ilikuwa zamu yangu. Nina miaka 11, najiona fundi. Shahidi wa nini? Nikabana ncha, mkono ukateleza, utambi wote ukazama kwenye samli. Giza. Moshi ule wa samli nausikia puani hadi leo.

Nikalia. Ba akaja anapapasa ukuta. Akaniuliza jambo moja tu: "Ulikuwa macho?" Nikasema ndiyo. "Basi washa." Nikawasha kwa kiberiti, vijiti vitatu vikivunjika mkononi, tukaimba arati wawili sisi, akarudi kulala. Asubuhi nikamsikia akimwambia mama, "Taa imekesha." Nilidhani ananifichia. Nilishakuwa na wajukuu ndipo nikaelewa kwamba hakuwa anadanganya.

Sasa mtaniambia, masi, sisi tunaamka saa kumi na moja, nani akeshe? Kwani nani amekuwekea nadhiri? Washa ya jioni, kaa nayo dakika kumi, na simu iwe chumba kingine. Mtaniambia nyumba itaungua. Itaungua, ndiyo, ukiiacha peke yake! Chemni ya kioo, sinia la shaba chini, pazia mbali. Bima yenyewe ni mtu aliye macho.

Wengine mnasema haiwezekani siku hizi. Shriram Sharma, yule guru wa India, aliwasha taa ya akhand nyumbani kwao Anwalkheda, karibu na Agra, mwaka 1926, akiwa kijana mdogo. Wafuasi wake wanaitunza mpaka leo, iko Shantikunj, ashram yao ya Haridwar. Imehama miji. Haikutumwa kwa posta.

Nilitaka pia kusema habari ya samli na mafuta ya ufuta, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Vyote vinafaa, tumieni mlicho nacho. Taa ikae upande wa kulia au wa kushoto, muulizeni pandit, kuhani wetu, yeye hukosa usingizi kwa ajili ya maswali hayo. Na msizime kwa kupuliza, mdomo una mate.

Nani ameachiwa ile ya pale mlangoni? Wewe mwenye shati la bluu? Utambi umefupika, naiona kutoka hapa. Nenda, nenda, mimi nimemaliza.