Kilo Kumi na Tano: Mgeni Anayeunganisha Ndege Dar Kwenda Kambini

Ndugu zangu, na hasa ninyi vijana mnaopokea wageni pale uwanjani, asanteni kwa kuja.

Leo nitakaa zaidi kwenye habari ya begi. Ndege ya kwenda kambi za watalii, iwe hifadhi ya Nyerere au ya Ruaha, mara nyingi ni Cessna Caravan, yenye viti kumi na kitu tu. Mizigo mingi huingia kwenye boksi lililo chini ya tumbo la ndege, na milango yake ni midogo. Begi laini utalisukuma likae. Sanduku gumu la magurudumu litagoma. Uzito mara nyingi ni kilo 15, begi la mkononi likiwa humohumo. Huo si ubahili. Kiwanja cha porini ni kifupi, cha udongo au changarawe, na kwenye joto la mchana hewa huwa nyepesi, hivyo ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka. Rubani anayekataa mzigo analinda roho za watu. Basi mwambieni mgeni angali kwao, hajafunga begi. Kumwambia mbele ya mizani ni kumwonea. Mpiga picha mwenye lenzi nzito aulizwe mapema kama atalipia kiti cha ziada.

Kuna suala la majengo ya abiria pale uwanja wa Dar. Ndege za kimataifa hutumia Jengo la Tatu, lililofunguliwa mwaka 2019. Ndege nyingi ndogo huondokea lile la zamani, Jengo la Kwanza, na huko unakwenda kwa gari. Tiketi zikiwa mbili tofauti, mgeni atapita uhamiaji, atachukua mzigo wake na kuanza upya; ndege kubwa ikichelewa, ndogo haina wajibu wa kumngoja. Wala haiwezi kuondoka usiku, kwani viwanja vya porini havina taa. Anayetua alasiri alale mjini, hata akinung'unika.

Dawa zikae mkononi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, aiache kwao.

Halafu hili, ambalo naona tunalisahau sana: ndege hushusha watu viwanja kadhaa njiani. Mwandikieni mgeni jina la kiwanja chake, jina la kambi pekee halitoshi, na asishuke kabla ya kumuuliza rubani. Mwambieni pia kwamba rubani anaweza kupita chini juu ya kiwanja mara moja bila kutua, kufukuza swala na pundamila, asije akadhani kuna hitilafu.