Mweka hazina wa jimbo Marekani: anashika fedha asizozipangia matumizi

REHEMA: Haya, tuko hewani tena. Mimi niko Dar, mwenzangu yuko Houston kama kawaida. Kaka Musa, habari za huko?

MUSA: Njema dada, joto tu. Wakubwa zetu mnaotusikiliza, shikamooni.

REHEMA: Marahaba kwa niaba yao. Sasa bwana, nimekuwa nafuatilia chaguzi za majimbo huko kwenu. Karatasi ya kura ina gavana, ina mwanasheria mkuu, halafu nakuta "mweka hazina". Kweli watu wanapanga foleni kumchagua mweka hazina?

MUSA: Majimbo mengi, ndiyo, wananchi wanamchagua wenyewe. Lakini si yote. Maryland, Tennessee, Maine na New Hampshire anachaguliwa na bunge la jimbo. Yako majimbo ambako gavana anateua. Na huku Texas hatuna kabisa.

REHEMA: Hamna? Jimbo lote hilo, fedha anazishika nani?

MUSA: Tutafika huko, ni kisa kizuri. Ila kwanza tutoe dhana moja. Mtu akisikia mweka hazina anamfikiria waziri wa fedha. Siye. Bajeti inaandaliwa upande wa gavana na kupitishwa na bunge la jimbo. Kodi mara nyingi inakusanywa na idara nyingine. Mweka hazina hasemi shule zipewe ngapi wala barabara zipewe ngapi. Yeye, fedha ikishaingia, ndiye anayeiweka benki, anaitafutia riba wakati inasubiri matumizi, anahakikisha siku ya malipo ikifika zipo. Na jimbo likitaka kukopa, mara nyingi ofisi yake ndiyo inayouza hati fungani, yaani karatasi za mkopo: mnunuzi analikopesha jimbo, jimbo linamrudishia na riba.

REHEMA: Mbona hiyo ni kazi ya karani tu, karani mwenye mshahara mzuri? Kura za nini?

MUSA: Subiri. Pembeni yake kuna mwenzake, mdhibiti wa hesabu. Huyo ndiye mwenye daftari. Anaidhinisha kwamba malipo haya ni halali, yako kwenye bajeti, yatoke. Mweka hazina ndiye anayeyatoa. Mwandishi hashiki fedha, mshika fedha haandiki daftari.

REHEMA: Ahaa, sanduku la vikoba! Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na katibu anayeandika hana hata mmoja.

MUSA: Ndiyo hiyo. Na kwa taarifa yako hata huko nyumbani mantiki hiyo ipo. Mlipaji Mkuu wa Serikali ni Katibu Mkuu wa Hazina, lakini katiba, ibara ya 143, inampa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu jukumu la kuhakikisha fedha inayotoka Mfuko Mkuu imeidhinishwa. Kenya katiba yao ya 2010 iliigawa kazi hiyo, Mdhibiti wa Bajeti mbali, Mkaguzi Mkuu mbali. Tofauti ni kwamba hakuna anayekuja kuwaomba kura.

REHEMA: Afadhali! Mabango tuliyonayo yanatosha. Haya, nipe mfano ambao watu hawa wawili wameonekana kazini.

MUSA: California, 2009. Uchumi umeanguka, mapato ya kodi yameporomoka, Gavana Schwarzenegger na wabunge wanavutana kwenye bajeti. Na kumbuka jimbo haliwezi kuchapa dola. Ilipofika Julai 2, mdhibiti wa hesabu, John Chiang, akaanza kutoa hati za ahadi badala ya hundi. Unadai marejesho ya kodi? Shika karatasi. Umeliuzia jimbo vifaa? Shika karatasi.

REHEMA: Serikali inakopa kwa mangi!

MUSA: Kwa riba ya asilimia 3.75. Na riba hiyo ilipangwa na bodi ya watu watatu: mweka hazina, mdhibiti na mkurugenzi wa fedha wa gavana. Hakuna aliyeamua peke yake. Zilitoka hati za kama dola bilioni 2.6, na Septemba zikaanza kulipwa.

REHEMA: Kwa nini wengine wapewe karatasi na wengine walipwe?

MUSA: Kwa sababu kuna madai yanayotangulia kisheria. Shule na wenye hati fungani wako mbele. Hapo ndipo unaiona kazi ya mweka hazina. Jimbo likishindwa kumlipa mwenye hati fungani hata mara moja, mkopo unaofuata utakuwa ghali, na anayelipa ughali huo ni mlipa kodi. Halafu Chiang huyo huyo baadaye alichaguliwa mweka hazina, 2015 hadi 2019. Alianza na daftari, akamalizia na ufunguo.

REHEMA: Umesema pia anaitafutia fedha riba. Hapo ndipo roho yangu inapokataa. Fedha ya mishahara ya walimu inapelekwa sokoni?

MUSA: Inatakiwa ikae pasipo na hatari, muda mfupi. Ikienda kombo, muulize mtu wa West Virginia. Miaka ya 1980 mweka hazina wao, A. James Manchin, alikuwa maarufu sana, mzungumzaji hasa. Mfuko wa pamoja wa jimbo ukaingia kwenye uwekezaji wa hatari, soko likageuka, ikapotea kama dola milioni 279. Mwaka 1989 Baraza la Wawakilishi la jimbo likamfungulia mashtaka ya kumwondoa, akajiuzulu kabla Seneti haijamsikiliza.

REHEMA: Na ni maarufu, kwa kura za wananchi! Unaona sasa? Kura inakupa mzungumzaji. Haikupi mtu anayejua hati fungani.

MUSA: Hapo sikubishii. Lakini inaweza kukupa mtu kama Ann Richards. Alichaguliwa mweka hazina wa Texas mwaka 1982, mwanamke wa kwanza kushinda nafasi ya jimbo zima hapa kwa takriban miaka 50. Akaharakisha hundi za jimbo zifike benki mapema, maana hundi iliyolala mezani ni riba iliyopotea. Kutoka pale akawa gavana.

REHEMA: Kumbe mlikuwa naye mweka hazina! Alikwenda wapi?

MUSA: Ndicho kisa chenyewe. Richards akiwa gavana, 1993, alimteua Martha Whitehead kuwa mweka hazina. Mama akaingia ofisini, akaitazama, akasema kazi hii inaweza kufanywa na mdhibiti wa hesabu, ofisi ifutwe. Na uchaguzi wa 1994 akagombea kwa ahadi hiyo: nichagueni niifute kazi yangu.

REHEMA: Na wakamchagua?

MUSA: Wakamchagua. Novemba 1995 wananchi wakapiga kura kubadili katiba ya jimbo, na 1996 ofisi ikafungwa. Kazi zote zikahamia kwa mdhibiti.

REHEMA: Mwanasiasa aliyetimiza ahadi ya kujifukuza. Huyo angekuja huku tungemwekea sanamu. Ila sikubaliani naye. Mmempa mtu mmoja daftari na ufunguo.

MUSA: Texas haikuanguka, dada. Minnesota nao walipiga kura 1998 kuifuta, ikaisha 2003. Maisha yanaendelea, na wakaguzi wapo.

REHEMA: Kutoanguka si hoja. Sanduku halijaibiwa leo, je kesho?

MUSA: Na mimi nikuulize: ukiwa nao wawili halafu hawasemezani? South Carolina wanao wote wawili, wote wa kuchaguliwa. Mwaka 2023 mdhibiti mkuu, Richard Eckstrom, alijiuzulu baada ya kubainika kwamba vitabu vilizidisha fedha za jimbo kwa dola bilioni 3.5. Fedha zilizopelekwa vyuo vikuu zilihesabiwa mara mbili, miaka na miaka. Mwaka uliofuata, upande wa mweka hazina Curtis Loftis, likajitokeza jambo la akaunti yenye dola bilioni 1.8, na hakuna anayejua ni za nani.

REHEMA: Bilioni 1.8 hazina mwenyewe? Nitumie fomu!

MUSA: Usikimbilie. Wachunguzi walipomaliza, Januari 2025, karibu bilioni 1.6 hazikuwa fedha. Zilikuwa tarakimu tu, makosa ya uhasibu yaliyobaki tangu jimbo lilipohama mfumo mmoja wa kompyuta kwenda mwingine. Aprili mwaka huo Seneti ya jimbo ikapiga kura 33 kwa 8 Loftis aondolewe. Yeye akasema ni siasa, hakufanya kosa, na Baraza la Wawakilishi halikuwafuata.

REHEMA: Kwa hiyo kufuli zilikuwepo, ila kila mmoja alikuwa na sanduku lake.

MUSA: Kila mmoja anasema kosa ni la mwenzake. Ndiyo maana napenda mtindo wa Maryland. Wana bodi ya watu watatu inayopitisha mikataba mikubwa ya jimbo: gavana, mdhibiti, mweka hazina. Wanakaa meza moja, hadharani. Wawili wakikataa, gavana kashindwa.

REHEMA: Hiyo naichukua. Tena huko mweka hazina anatoka bungeni, si kwa gavana. Sawa. Kabla hatujafunga, kuna jambo ulinidokeza la fedha za watu.

MUSA: Eeh, na hili ni kwa ndugu zetu walioko huku. Umehama, mshahara wa mwisho hukuuchukua, au kampuni ya umeme ina amana yako. Muda wa kisheria ukipita, fedha ile inapelekwa kwa jimbo, inatunzwa kwa jina lako. Illinois, Pennsylvania, Missouri, North Carolina, inatunzwa na mweka hazina. Texas ni mdhibiti. Na watu wetu tunahama sana, majina yetu yanaandikwa kila namna.

REHEMA: Kenya nao wana mamlaka ya mali zisizodaiwa, kwa sheria ya 2011.

MUSA: Sasa, tafuteni kwenye tovuti ya serikali ya jimbo mlilowahi kuishi, kila jimbo peke yake. Jaribuni na jina lilivyokosewa. Kudai ni bure. Akikupigia mtu anataka umtumie ada kwanza ndipo akutolee fedha yako, kata simu.