Anayesikiliza Kambini: mhadhara uliotolewa Masasi juu ya wahudumu wa kiroho jeshini

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazee wangu, masheikh, mapadre, wachungaji, kina mama mlioacha korosho uwanjani mkaja kunisikiliza, ahsanteni sana. Naona vijana wa uuguzi wamejazana mabenchi ya nyuma. Sogeeni mbele, nafasi ipo.

Mimi ni mwalimu wa historia, nimestaafu. Si padri, si shekhe, wala sijavaa gwanda hata siku moja. Ila nimelelewa na askari. Baba yangu alikwenda vita vya Kagera mwishoni mwa 1978 akarudi mzima wa viungo. Nasema wa viungo kwa sababu mengine hayakurudi naye. Alikuwa analala na viatu miguuni. Usiku wa manane anatoka, anakaa chini ya mkorosho mkubwa nyuma ya nyumba, mgongo kwenye shina, uso njiani. Asubuhi tukipita hapo tunakuta majani makavu yamelala mahali pamoja, umbo la mtu aliyekaa. Mama akimuuliza, jibu lake lilikuwa moja: "Nilikuwa nasikiliza." Alikuwa anasikiliza nini, hasemi. Baadhi ya wenzake walikimbilia pombe, uraka na nipa. Hao tuliwazika mapema.

Kwa hiyo nilipoombwa kuzungumza juu ya padri wa jeshi, mchungaji wa jeshi na imamu wa jeshi, sikufikiria ibada za sikukuu na bendera. Nilimfikiria yule mtu chini ya mkorosho, na nani angemkalia pembeni.

Kazi hii ni ya kale. Wanasimulia kwamba katika karne ya 4, kwenye lango la mji wa Amiens huko Ufaransa ya leo, askari aitwaye Martino alikuta maskini anatetemeka kwa baridi, akakata joho lake kwa upanga akampa nusu. Baadaye akawa askofu wa Tours. Wafalme wa Wafranki, waliotawala huko, walilitunza joho lake kama kitu kitakatifu, wakalibeba hata vitani, na makasisi waliolilinda wakapewa jina litokanalo na joho hilo. Ndilo jina, kwa Kiingereza "chaplain", wanaloitwa makasisi wa jeshi katika lugha nyingi za Ulaya hadi leo.

Sheria za vita nazo zinawatambua. Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949, kifungu cha 24, unawaweka makasisi wa jeshi pamoja na waganga: waheshimiwe na walindwe kila wakati. Mkataba wa Tatu, kifungu cha 33, unasema kasisi akikamatwa na adui hahesabiwi mateka wa vita. Anaweza kubakizwa kambini ili awahudumie mateka, basi. Vijana wa uuguzi, mnaona mmewekwa naye kapu moja. Nyinyi na yeye mnaingia vitani kwa ajili ya aliyeanguka.

Sasa niwarudishe kwetu. Ukitoka Lindi kuja huku unapita Mtama, unapita Nyangao. Karibu na hapo ndipo Mahiwa. Katikati ya Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza na ya Mjerumani Lettow-Vorbeck yalikutana pale, yakachinjana kwa siku kadhaa. Nasema ya Waingereza na ya Wajerumani, lakini waliolala kwenye vichaka vile wengi walikuwa Waafrika, wa upande huu na upande ule. Na nyuma yao wapagazi. Vita ile iliua wapagazi kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni mabaki yao, limetokana na kikosi cha wapagazi. Miaka yote niliyofundisha nilikuwa nauliza darasani: mpagazi Mwislamu kutoka pwani akianguka njiani, nani alimwelekeza kibla? Mkristo wa Masasi akifia porini, nani alimsomea sala? Jina lake nani alilipeleka nyumbani?

Yupo mmoja aliyeliona jambo hilo. Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Unguja. Masasi hii wakati ule ilikuwa chini ya dayosisi yake. Mwaka 1916 aliongoza wapagazi wa Unguja yeye mwenyewe, akatembea nao bara, Waislamu kwa Wakristo, na jeshi likampa cheo cha meja. Namheshimu kwa hiyo safari. Cheo ndicho kinachonipa shida. Ukishakuwa na amri juu ya mtu, kuna maneno hatakuambia tena. Atakupigia saluti, na moyo ataubakiza mfukoni.

Jeshi la Majini la Uingereza wana desturi inayonivutia hapo. Makasisi wao hawana cheo cha kijeshi. Wanasema kasisi anachukua cheo cha yule anayezungumza naye. Akiwa na amiri jeshi, ni amiri. Akiwa na kuruta anayesugua sitaha, ni kuruta. Yule kuruta anaweza kumwambia, "Naogopa," na neno hilo lisiandikwe kwenye faili lolote.

Ndugu zangu, hapa nitakaa kidogo. Askari ana kamanda, lakini kamanda ndiye anayempanga zamu ya kesho. Ana daktari, lakini daktari anaandika cheti. Ana rafiki, lakini rafiki naye ana mzigo uleule. Anahitaji mtu mmoja ambaye akishamwambia jambo, jambo limefika mwisho wa safari. Bila siri, padri wa jeshi ni ofisa mwingine tu mwenye msalaba kwenye kola.

Na siri ikivunjwa, ubaya wake ni mkubwa. Argentina, enzi za utawala wa kijeshi uliochukua nchi 1976, kulikuwa na padri wa polisi wa jimbo la Buenos Aires, Christian von Wernich. Alikuwa anaingia mahabusu za siri walikoteswa watu. Mashahidi walieleza mahakamani jinsi alivyowavuta waliofungwa wamwamini na waseme wanayoyajua. Mwaka 2007 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kushiriki mauaji, mateso na utekaji. Fikirieni mtu aliyefungwa kitambaa machoni anasikia sauti ya padri, anashusha pumzi, anadhani amepata pa kushika.

Upande wa pili yupo Emil Kapaun, padri wa jeshi la Marekani, aliyekamatwa vita vya Korea mwaka 1950. Kambini alikuwa anaiba chakula ghalani awapelekee wagonjwa, anawafulia nguo waliojiharia, anasali nao usiku bila kuuliza dhehebu. Akafia humo Mei 1951. Kila nikimfikiria naziona zile nguo. Mtu mwenye daraja takatifu, baridi ya Korea, mikono ndani ya maji machafu ya kijana asiye wa kanisa lake.

Hilo la dhehebu kwetu Kusini halihitaji hotuba ndefu, maana misiba yetu tunakwenda wote. Majirani zetu Kenya, jeshini mwao wapo mapadre, wachungaji na maimamu. Kanisa Katoliki lina jimbo zima la kijeshi Kenya, na Uganda pia. Lakini padri huyo lazima ajue kumuelekeza Mwislamu kibla, na ajue kwamba maji yasipopatikana kuna kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo. Imamu naye ajue kumwitia Mkatoliki padri kabla roho haijatoka. Zamu haingoji mtu wa dini yako afike.

Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki, Kongo, walinda amani wetu si chini ya 14 waliuawa katika shambulio la usiku mmoja. Sisi tunaoishi karibu na Ruvuma tunajua vita si habari ya redioni tu. Oktoba 2020 Kitaya ilishambuliwa, na Kitaya ni hapo Mtwara. Vijana wakiletwa ndani ya sanduku lililofunikwa bendera, swali la mama wa Kiislamu halihusu cheo wala mafao. Anauliza: alioshwa? Nani alimuosha? Sanda alivishwa? Na sanduku halifunguliwi. Anayeweza kumjibu mama huyo ni mtu aliyekuwepo, aliyeweka mkono wake juu ya mwili ule, ambaye akisema, "Mama, nilisimamia mwenyewe," mama anaweza kukaa kitako. Jibu la karatasi hapo halifai.

Namalizia na baba. Pale kijijini alikuwepo mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee sana, aliyepigana Burma na KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mwaka 1944. Siku moja, 1981, alikuja jioni na fimbo yake, akaenda moja kwa moja chini ya mkorosho, akakaa. Hakusalimia mtu. Baba alipotoka usiku akamkuta. Mama alichungulia dirishani akaona vichwa viwili tu, na moto wa sigara. Mzee alirudi kesho yake, na wiki iliyofuata, na nyingine. Msimu wa korosho ulipoanza bado alikuwa anakuja.

Yule mzee alishafariki, na baba naye. Mimi mwanawe, mwalimu wa historia, sijui hata neno moja walilozungumza. Nilimuuliza mzee yule mara mbili, nikiwa mkubwa, akaniambia nimtilie chai. Ninachojua ni kwamba kuna usiku mmoja mama alisikia kitu kinagonga sakafu ya udongo, kimoja, halafu cha pili. Akainuka na koroboi kutazama. Vilikuwa viatu.