Kisu, sindano au ini jipya?

Walio nyuma sogeeni, viti vya mbele havina mwenyewe.

Jamaa za wagonjwa wa saratani ya ini huniuliza: "Daktari, uvimbe ni mdogo, kwa nini msikate tu?" Nawaelewa. Lakini mimi kabla ya kuutazama uvimbe, natazama ini lenyewe. Ini lenye afya waweza kulikata nusu likakua tena. Ini lililojaa makovu ya homa ya ini B au ya pombe halina nguvu hiyo. Ukichukua pande kubwa, mgonjwa atatoka na saratani yake imeondolewa, kisha afe kwa ini kushindwa kazi.

Hapo sindano ina nafasi yake. Tunaipenyeza kwenye ngozi huku tukiifuata kwa ultrasaundi hadi katikati ya uvimbe, halafu joto la mawimbi ya redio au maikrowevu linaupika papo hapo, pamoja na nyama kidogo ya pembeni. Uvimbe mmoja usiozidi sentimita 2, matokeo yanakaribiana sana na ya kisu. Ukipita sentimita 3, sindano huanza kuacha masalia. Na uvimbe ukiegemea mshipa mkubwa, damu inayopita inazoa joto. Ni sawa na kuchemsha chungu ndani ya mto. Mgonjwa huyo, kama ini linaruhusu, mimi nampeleka kwenye kisu.

Zamani uvimbe ulidungwa spiriti. Siidharau: ni rahisi, na pasipo mashine ya joto bado ina kazi, ingawa hushindwa zaidi.

Sasa, kisu na sindano vina kasoro moja. Vyote vinaliacha ini lile lile lililozaa saratani. Miaka 5 baada ya upasuaji, karibu wagonjwa 7 kati ya 10 huwa imewarudia. Kupandikiza ini jipya kunaondoa saratani na makovu kwa mpigo. Mwaka 1996 daktari mpasuaji Mazzaferro na wenzake wa Milan, Italia, waliripoti kuhusu wagonjwa waliowachagua kupandikizwa: wenye uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au hadi mitatu kila mmoja usiozidi 3. Baada ya miaka 4, robo tatu walikuwa hai. Ila ini haliuzwi dukani, lazima mtu alitoe.

Ndiyo, mama, nimekusikia: mwanao ana homa ya ini B na hana maumivu. Mlete kwa ultrasaundi kila baada ya miezi 6. Uvimbe wa sentimita 2 hauumi.