Kijiji Kinapogeuzwa Mji Mdogo

MWANAIDI: Karibuni tena. Kipindi cha leo ni cha Tanzania Bara, na kinawahusu wale wanaoishi katika kijiji kilichoanza kuchangamka: soko limekua, nyumba za wageni zimeongezeka, na sasa kuna maneno kwamba kitapandishwa hadhi kiwe mji mdogo. Kaka Joram, mji mdogo unakaa wapi katika ngazi za serikali za mitaa?

JORAM: Unakaa ndani ya halmashauri ya wilaya. Watu wengi wakisikia neno "mji" wanadhani wamepata halmashauri yao. Sivyo. Halmashauri ya mji, kama Makambako au Tunduma, ina mkurugenzi wake, baraza la madiwani lake na bajeti yake, na inaongozwa na Sheria ya Mamlaka za Miji, Sura ya 288. Mamlaka ya mji mdogo inaongozwa na Sura ya 287, ile ile ya mwaka 1982 inayoongoza wilaya na vijiji. Bajeti yake inapitia halmashauri ya wilaya, na mtendaji wake anawajibika kwa mkurugenzi wa wilaya.

MWANAIDI: Kwa hiyo anayesubiri mkurugenzi mpya atasubiri sana.

JORAM: Hapati, mpaka eneo lipande ngazi nyingine tena. Jambo la pili: mji mdogo hauna mitaa. Mtaa ni wa halmashauri ya mji, manispaa na jiji. Mji mdogo unabaki na vitongoji.

MWANAIDI: Tuiangalie ardhi yenyewe. Miji hii inaota wapi?

JORAM: Penye sababu ya watu kusimama. Chukua Kibaigwa, wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma. Iko kwenye barabara kuu ya Dodoma hadi Morogoro, na soko lake la mahindi linavuta mazao kutoka wilaya jirani. Ilula, wilayani Kilolo, ni nyanya na vitunguu, nayo iko kwenye barabara ya Iringa kwenda Morogoro. Mirerani, wilayani Simanjiro, ni tanzanite. Mingine ilizaliwa na makao makuu ya wilaya, stesheni ya reli au mpaka.

MWANAIDI: Ndiyo maana mingi ina umbo la mstari. Nyumba zinafuata lami kilomita mbili tatu, lakini ukiingia mita mia tatu ndani unakuta mashamba.

JORAM: Na umbo hilo lina gharama. Bomba la maji linakuwa refu kwa kila nyumba inayohudumiwa, watoto wanavuka barabara kuu kwenda shule, na kila mtu anataka kibanda mbele. Hapo ndipo hifadhi ya barabara inapowakuta watu.

MWANAIDI: Hili tulieleze polepole, maana linavunja nyumba.

JORAM: Hifadhi ya barabara ni ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara pande zote mbili, na kwa barabara kuu hupimwa kutoka katikati. Zamani hifadhi ilikuwa mita 22.5 kila upande, jumla 45. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaifanya mita 30 kila upande, jumla 60. Kosa linalotokea ni serikali ya kijiji kuendelea kuwaonyesha watu viwanja kwa kipimo cha zamani. Mtu anajenga kwenye mita ya 25 akiamini yuko salama.

MWANAIDI: Halafu anakuta X ukutani.

JORAM: Na rangi ya X ina maana yake. Nyekundu ni kwamba umo ndani ya hifadhi na hudai fidia. Ya kijani inawekwa kwa waliokuwepo kwenye ile mita 7.5 iliyoongezwa kabla sheria haijabadilika. Hao wanastahili kulipwa barabara itakapolihitaji eneo. Aliyejenga humo baada ya mabadiliko hana dai. Kwa barabara kuu na za mkoa muulize TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za wilaya zina wakala wake, TARURA, ulioanza mwaka 2017.

MWANAIDI: Na kama kuna mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Miji midogo mingi inajibana kati ya lami na mto, kwa hiyo ardhi inayojengeka ni ndogo kuliko inavyoonekana kwa macho. Tuje kwa watu. Sensa ya Agosti 23, 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, kutoka 44,928,923 mwaka 2012. Ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka.

JORAM: Kwa kasi hiyo idadi inajirudia mara mbili ndani ya miaka 22 hivi. Na huo ni wastani wa nchi nzima, vijiji vinavyohamwa vikiwemo. Mji wa soko hauwezi kupanga kwa wastani huo na ukatosheka.

MWANAIDI: Kuna tahadhari pia katika kusoma takwimu hizi. Sensa yetu inahesabu mtu alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mji wenye nyumba nyingi za wageni, na madereva wanaolala njiani, unahesabu na wapita njia. Eneo la wakulima waliokwenda kulala mashambani linaweza kuonekana dogo.

JORAM: Ndiyo sababu daftari la wakazi la kitongoji ni la thamani. Likitunzwa, unajua kaya ngapi ni za kudumu. Wastani wa kaya katika sensa ya 2022 ni watu 4.3, kwa hiyo kitongoji chenye kaya 400 kina kama watu 1,720. Daftari likionyesha kaya 400 na watu 900, kuna watu hawakuandikwa. Mara nyingi ni wapangaji, maana mwenye nyumba anajiandikisha yeye na familia yake tu.

MWANAIDI: Na wapangaji ndio wanaojaza darasa la kwanza na kutumia vyoo vya soko. Wasipoandikwa, mahitaji yao hayaingii kwenye mpango. Sasa tufike kwenye uongozi, ambako mimi naona badiliko ni kubwa kuliko watu wanavyoambiwa. Kijiji kina nini leo?

JORAM: Kijiji kina mkutano mkuu. Kila mkazi wa kawaida mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Unakaa angalau mara moja kila miezi mitatu, na humo mapato na matumizi yanasomwa mbele ya watu. Chini yake kuna halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25: mwenyekiti, wenyeviti wa vitongoji wote na wajumbe wengine, wanawake wasipungue robo. Hiyo hukutana kila mwezi, na ina kamati tatu: ya fedha, uchumi na mipango; ya huduma za jamii na kujitegemea; na ya ulinzi na usalama. Mtendaji wa kijiji ndiye katibu.

MWANAIDI: Na kikishakuwa mji mdogo?

JORAM: Mwenyekiti wa kijiji hayupo tena. Halmashauri ya kijiji haipo. Mkutano mkuu wa kijiji, wenye nguvu ya kusema hapana, haupo. Wananchi wanamchagua mwenyekiti wa kitongoji chao, na wenyeviti hao ndio uti wa baraza la mji mdogo. Baraza ndilo linalomchagua mwenyekiti wa mamlaka, hapigiwi kura na kila mkazi. Diwani wa kata anabaki kama kawaida.

MWANAIDI: Yaani mkazi anatoka kwenye kupiga kura ya mkono juu ya ardhi na michango, anaingia kwenye kuwakilishwa. Hilo si baya lenyewe, lakini ni lazima ajue kabla. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni kila miaka mitano, wa mwisho ulikuwa Novemba 27, 2024. Ukimchagua mwenyekiti wa kitongoji kwa mazoea ya kijijini, kama mtu wa kusuluhisha ugomvi wa mbuzi tu, umempa kiti barazani bila kumpima kwa kazi hiyo.

JORAM: Hapo umenena. Atakaa kwenye kikao kinachojadili ushuru, dampo na ramani. Mpime kwa hayo.

MWANAIDI: Sasa ardhi, dada na kaka mnaotusikiliza. Hapa ndipo penye uzito.

JORAM: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Haiwezi kugawa bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Mwenyekiti na mtendaji wakikuandikia karatasi yenye mhuri bila muhtasari wa vikao hivyo, hiyo karatasi ni dhaifu, na ndiyo inayoleta kesi nyingi.

MWANAIDI: Na ardhi ya kijiji ikitaka kuhamishwa iwe ardhi ya jumla, yaani isiyo chini ya kijiji tena?

JORAM: Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaoamua. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri, lakini baada ya mkutano mkuu kutoa maoni. Sasa, kijiji kikifutwa, chombo chenye mamlaka hayo kimekwisha. Eneo likitangazwa kuwa la mipangomiji chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, ugawaji unafuata michoro, vipimo na hati zinazotoka ofisi ya ardhi.

MWANAIDI: Mwenye shamba la urithi ndani ya eneo hilo anafanyaje?

JORAM: Kwanza asiogopeshwe. Haki ya kimila ina hadhi sawa na haki ya kumiliki ardhi inayotolewa na serikali kwa hati, sheria yenyewe inasema hivyo, na Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1994, katika kesi ya Akonaay, kwamba haki hiyo ni mali inayolindwa na Katiba. Tangazo la Gazeti la Serikali peke yake halimnyang'anyi. Hatari ni kukaa kimya: kiwanja kikipimwa na kumilikishwa kwa jina la mwingine, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye.

MWANAIDI: Basi afanye nini kabla, wakati bado ni kijiji?

JORAM: Achukue Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Kijiji kiwe kimepimwa mipaka na kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji, na mpango wa matumizi ya ardhi uwepo. Mwombaji anajaza fomu, majirani wa pande zote wanasimama mpakani na kukubali, halmashauri ya kijiji inajadili na kuandika muhtasari, mwenyekiti na mtendaji wanasaini, kisha afisa ardhi wa wilaya anasajili. Nakala inabaki masjala ya ardhi ya kijiji. Yanayokwamisha ni jirani aliyesafiri, masjala isiyo na kabati la chuma, na jina la mke kuachwa. Hilo la mwisho lirekebishwe pale pale, kabla ya saini.

MWANAIDI: Nasisitiza masjala. Kijiji kikifutwa, yale madaftari yanakwenda wapi? Omba nakala iliyothibitishwa ya hati yako na ya muhtasari wa kikao kilichokupa ardhi, ukae nayo nyumbani.

JORAM: Na kama mji umeshatangazwa, njia ni urasimishaji. Vipande vinatambuliwa, mchoro unaandaliwa na kuidhinishwa, upimaji unafanyika, ndipo hati. Unakwama pale jirani mmoja anapokataa kutoa mita chache za njia, mchoro mzima unasimama. Ukishapata hati, muda wake ni miaka 33, 66 au 99, na kodi ya pango la ardhi inaanza kuhesabiwa kila mwaka. Haki ya kimila ya mwananchi haina ukomo wa miaka. Hilo lipimwe kabla ya kukimbilia saini.

MWANAIDI: Na eneo likichukuliwa kwa stendi au soko?

JORAM: Fidia ina sehemu zake: thamani ya ardhi, maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, malazi na hasara ya faida. Malazi yanakokotolewa kwa kodi ya nyumba ya miezi 36. Kagua jedwali mstari kwa mstari, hesabu miti na vyumba vyako mwenyewe, na usisaini karatasi yenye nafasi tupu.

MWANAIDI: Fedha za uendeshaji kwa kifupi. Ushuru wa mazao ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Anayelipa ni mnunuzi. Tuseme gunia la mahindi ni shilingi 60,000, ushuru ni 1,200. Mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja, yaani magunia kumi ya kilo mia, kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, hadaiwi. Dai risiti ya mashine ya POS. Ya mkono haifiki benki.

JORAM: Na maji ya miji hii mingi yako chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2019, kupitia vyombo vya jamii vinavyouza maji. Malalamiko ya bomba yaanzie kwenye chombo hicho, mwenyekiti wa mji mdogo hana mafundi.

MWANAIDI: Swali la mwisho. Kijiji bado hakijapandishwa, ni tetesi tu. Mwananchi anaingilia wapi?

JORAM: Pendekezo linaanza kwenye mkutano mkuu, linapita kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, ya mkoa, kisha TAMISEMI, na tangazo linatoka kwenye Gazeti la Serikali. Mlango ulio wazi kwake ni ule wa kwanza. Aende mkutanoni aombe mambo matatu yaandikwe kwenye muhtasari: ramani ya mipaka inayopendekezwa, orodha ya vitongoji vitakavyoingia na vitakavyobaki kijiji, na nani atakabidhiwa daftari la ardhi.

MWANAIDI: Vitongoji vya pembeni vyenye mashamba matupu vinaweza kubaki kijiji?

JORAM: Vinaweza, kama mipaka itachorwa hivyo tangu mwanzo. Kitongoji cha wakulima na wafugaji kilicho kilomita nane kutoka sokoni hakina haja ya kuingizwa ili kujazia idadi ya watu. Wakazi wake waseme hivyo kwenye mkutano, na wahakikishe hoja yao imeandikwa kabla muhtasari haujasainiwa.